Glaida ya Umeme Inapozima Angani: Kutafuta Kosa Kuanzia kwenye Betri

Mota inanguruma, glaida, ndege ndogo ya rimoti inayopanda kwa mota kisha ikaelea bila mota, inashika mwinuko vizuri, na ikifika kama mita 60 sauti inalegea ghafla. Propela inazunguka kivivu, inasimama, inakunja mapanga yake kwenye pua. Kijana mwenye ndege anarudisha mkono wa rimoti chini, anaupandisha tena, mota inaamka sekunde tatu na kufa. "Na betri ni mpya, kaka, nimeinunua juzi tu." Tuliishusha, nikachomeka mita kwenye plagi ndogo ya kusawazishia seli: 3.95, 3.96, 3.95. Karibu robo tatu ya chaji bado imo. Betri ile haikuishiwa, ilishindwa kutoa.

Kuishiwa na kushindwa kutoa ni mambo mawili, na kuyachanganya kumewapotezea watu fedha nyingi. Lawama huenda kwa mota, au kwa kidhibiti kasi, vinanunuliwa vipya, na ugonjwa unabaki pale pale. Kosa lilifanyika dukani, siku betri ilipochaguliwa kwa kusoma mAh, kipimo cha chaji inayoingia, peke yake, kama tunavyochagua simu. Glaida inataka ampea nyingi kwa nusu dakika, kisha inataka iachwe nyepesi ielee. Betri inayofaa droni au ndege ya mota inayonguruma mwanzo hadi mwisho inaweza kuwa mzigo mtupu kwenye glaida.

Ili hesabu zishikike, nitatumia ndege moja kama mfano: glaida ya foumu yenye mabawa ya mita 2, daraja la ile iitwayo Radian, gramu 850 hivi ikiwa tayari kuruka, mota isiyo na brashi, betri ya lithiamu-polima ya seli 3 na 1300 mAh. Yangu huvuta ampea 20 ikishikwa chini na propela ikizunguka kwa nguvu zote. Yako ikiwa kubwa au ndogo zaidi, badilisha namba. Njia ni ile ile.

Vifaa ni vitatu: mita ya wati ya kuchomeka kati ya betri na kidhibiti kasi, chaja inayosoma ukinzani wa ndani wa kila seli, na mizani ya jikoni. Mizani watu huisahau. Mimi ndiyo ninayoitoa kwanza. Ukipima mota ndege ikiwa chini, mwenzio aishike barabara nyuma ya mabawa, na asiwepo mtu mbele wala ubavuni mwa propela. Mapanga yanayokunjika hufunguka kwa ghafla na hukata kidole.

Inapanda, kisha inazima na chaji bado imo

Kinachozima mota hapo ni kidhibiti kasi, na kinafanya kazi yake. Volti zikishuka hadi kiwango fulani, mara nyingi kati ya 3.0 na 3.3 kwa seli, kinakata umeme wa mota ili ubaki wa sevo, vimota vinavyosogeza vibao vya mabawa na mkia, na wa kipokezi kinachosikia rimoti. Hakijui betri imebakiza chaji kiasi gani. Kinaona volti za wakati ule tu, na volti za betri iliyo chini ya mzigo si zile unazosoma ikiwa imelala mezani.

Mzigo hula volti kupitia ukinzani wa ndani. Chukua ukinzani, zidisha kwa ampea. Betri nzuri ya 1300 mAh inaweza kuwa na miliomu 10 hivi kwa seli, yaani 30 kwa seli zote 3. Ikivutwa ampea 20 inapoteza volti 0.6, na mota haihisi kitu. Ile ya kijana yule chaja ilisoma 38, 41 na 39. Jumla 118. Kwa ampea 20 zinapotea volti 2.36 kati ya 11.86, zinabaki 9.5, ambazo ni kama 3.17 kwa seli. Kidhibiti chake kilikuwa kimewekwa kikate kwenye 3.2.

Betri ya juzi imepataje ukinzani wa betri iliyozeeka? Tuliiweka kwenye mizani: gramu 84 pamoja na nyaya na plagi. Lebo ilisema 1300 mAh, 45C. Seli ya kutoa ampea nyingi inahitaji karatasi nene za shaba na alumini ndani yake, na madini hayo yana uzito ambao lebo haiwezi kuubadilisha. Betri za seli 3 za ukubwa huo ambazo zimenitumikia vizuri zimekuwa kati ya gramu 100 na 120. Ukiona namba kubwa ya C kwenye betri nyepesi kupita kawaida, iache pale pale dukani.

Namba ya C yenyewe ni kizidisho. 1300 mAh ni ampea 1.3 kwa saa moja. 25C maana yake 1.3 mara 25, ampea 32.5. Kwa ndege inayovuta 20 hiyo inatosha na kubaki. Nanunua betri ambayo namba yake kwenye lebo ni angalau mara moja na nusu ya ampea nilizopima mwenyewe, na siongezi pesa kwa ajili ya 70C au 100C kwenye glaida ya kawaida, kwa sababu C halali ya juu huja na gramu zake.

Kuna mwenzake wa kosa hili, na huku kwetu ni wa kawaida sana: betri iliyoundwa kwa seli za duara zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato za zamani. Ni seli nzuri kwa taa na kwa kuchajia simu. Lakini nyingi zimetengenezwa kutoa ampea chache tu, na ukizivuta ampea 20 zinashuka papo hapo na kupata moto. Zipo seli za duara za ukubwa wa 18650 zilizotengenezwa kwa mkondo mkubwa, na hizo zinaweza kurusha glaida. Moja ina gramu 45 hadi 48, hivyo 3 zinakaribia gramu 140 kabla hujaongeza nyaya. Nunua mpya, ujue ni aina gani, na zilehemiwe na mtu anayejua kuweka vibati kwa mashine ya doti. Chuma cha kulehemia kikikaa muda mrefu juu ya seli kinaiua.

Baridi nayo huleta dalili hii hii. Mwezi wa Julai, asubuhi za Limuru au Nakuru, betri iliyolala kwenye buti la gari inakuwa na ukinzani wa juu kuliko ile ile saa sita mchana. Iweke mfuko wa ndani wa koti robo saa kabla ya kuruka. Kama ugonjwa unaondoka jua likipanda, usibadilishe chochote.

Kabla hujaihukumu betri, gusa plagi mara tu baada ya kupima. Plagi nyeupe za Tamiya zilizokuja na vitu vya kuchezea huanza kupata moto ampea zikifika 15 au 20, na ile volti inayogeuka joto pale ndiyo mota inayoikosa. Kwa glaida ya ukubwa huu XT60 inatosha kabisa, na kama unahesabu gramu XT30 inabeba ampea 20 za nusu dakika bila shida. Plagi nyekundu ndogo aina ya JST iachie glaida za mota ndogo sana.

Inapanda vizuri lakini haielei

Huu ndio ugonjwa unaonisikitisha zaidi, kwa sababu mwenye ndege hajui kwamba anaumwa. Yeye anaona betri yake kubwa inampa mipando mingi, anarudi nyumbani ameridhika, na hajawahi kuonja kile glaida ilichoundiwa.

Kanunua betri ya 2200 mAh badala ya 1300. Ya seli 3 ina gramu 185 hivi dhidi ya 110. Gramu 75 zinaonekana ndogo mkononi. Glaida ya gramu 850 imekuwa 925, imeongezeka karibu asilimia 9. Mwendo wa glaida, wa kwenda mbele na wa kushuka, huongezeka kwa kipeuo cha pili cha ongezeko la uzito, kwa hiyo inashuka kwa kasi zaidi kwa asilimia 4 na kitu. Hilo peke yake lingevumilika.

Mzani ndio unaoharibika. Tuseme betri inakaa sentimita 20 mbele ya kitovu cha uzito. Gramu 75 mara 20, gawanya kwa 925: kitovu kimesogea mbele sentimita 1.6. Kwa glaida hiyo ni nyingi mno. Pua inakuwa nzito, rubani anavuta kibao cha mkia juu ili ndege isipige mbizi, na sasa mkia unasukuma chini muda wote wa kuruka huku bawa likibeba uzito wa ndege na uzito wa huo msukumo. Ikiingia kwenye hewa moto inayopanda haionyeshi dalili. Ndege yenye mzani mzuri hunyanyua bawa upande mmoja, au huinua mkia kidogo, ukajua hewa iko wapi. Yenye pua nzito inapita katikati ya hewa hiyo kama jiwe lililotupwa.

Wengine huponya kwa kubandika risasi kwenye mkia. Hapo umebeba uzito mara mbili ili kuponya uzito wa kwanza. Rudisha betri nyuma kama nafasi ipo. Kama haipo, rudi kwenye betri ndogo.

"Nitapata mipando mingapi na 1300?" Ampea 20 kwa sekunde 30 ni mAh 167. Ukitumia asilimia 80 ya betri, ambazo ni 1040, unapata mipando 6 ya nusu dakika nzima nzima. Kwa ndege ya wati za kutosha, nusu dakika inakufikisha mahali ambapo mgeni hawezi tena kuona vizuri mabawa yamelala upande gani. Ukitaka kukaa uwanjani mchana kutwa, beba betri ndogo 3. Jumla ya mAh ni kubwa kuliko ile moja nene, na ndege inabeba moja tu kwa wakati mmoja.

Tazama mashindano ya F5J yanayosimamiwa na shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI. Mota inaruhusiwa kuwaka mara moja, kwa sekunde zisizozidi 30, na kifaa ndani ya ndege kinarekodi kimo. Kila mita hadi 200 inakutoa nusu pointi. Juu ya 200 kila mita inakutoa pointi 3. Mtu akiruka dakika 10 baada ya kupanda kidogo ndiye anayeshinda. Ndege zenyewe zina mabawa ya hadi mita 4, na marubani wake hutafuta betri ndogo kabisa inayoweza kumudu hizo sekunde 30 bila volti kuporomoka.

Zipo siku uzito unafaa. Kusi ikivuma kwa nguvu, au upepo unapopanda mteremko wa Ngong, glaida nyepesi inarudishwa nyuma haisongi. Hapo weka farumi, kama jahazi lisilo na shehena linavyowekewa mawe. Lakini farumi ya glaida inakaa kwenye kitovu cha uzito, chini ya bawa, ili mzani usiguswe. Betri nene kwenye pua haiwezi kufanya kazi hiyo.

Haina nguvu tangu inapotoka mkononi, au kidhibiti kinaungua

Hesabu seli. Kv ya mota ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti bila mzigo, na propela hudai nguvu kwa kadiri ya mizunguko iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Kwa hiyo seli moja kuongezwa au kupunguzwa si jambo dogo. Glaida yetu kwenye seli 3, volti 10.8 chini ya mzigo mara ampea 20, inatoa wati 216, yaani zaidi ya 250 kwa kila kilo. Ukiipa seli 2 na propela ile ile, kwa makadirio nguvu inashuka hadi chini ya theluthi, wati 64, kama 75 kwa kilo. Itakwenda mbele bila kupanda. Kwa kupanda taratibu nataka angalau wati 110 kwa kilo, na kwa kupanda kwa raha 200 na zaidi.

Ukiipa seli 4, ampea zinaruka kuelekea 35. Kidhibiti cha ampea 30 hakimalizi mpando wa pili. Nimeshika mkononi kidhibiti kilichoungua namna hiyo, plastiki yake imekunjamana kama ngozi, na mwenye ndege akawa ameilaumu betri "yenye nguvu sana". Betri haisukumi ampea, mota na propela ndiyo huzivuta. Ukitaka seli zaidi, punguza propela na upime upya.

Jambo moja linawahusu hasa wanaohamisha ndege kati ya bara na pwani. Kwenye kimo cha mita 1,700, kama Nairobi, hewa ina uzito wa takriban asilimia 85 ya ile ya usawa wa bahari. Propela inakata hewa nyepesi, mota inavuta ampea chache zaidi. Ndege iliyopimwa ampea 20 Nairobi inaweza kuvuta karibu 23 ikifika Mombasa, kwenye joto la Mombasa. Iliyopimwa kwa kubanwa kwenye mpaka wa kidhibiti chake itaungulia ufukweni. Aliyezoea pwani naye akipanda bara ataona ndege yake imepoteza nguvu na inashuka haraka zaidi, karibu asilimia 8, bila betri kuwa na kosa lolote. Propela kubwa kidogo inarudisha nguvu. Kushuka haraka ni haki ya hewa nyepesi, na ndiyo sababu sisi wa nyanda za juu tunazililia gramu.

Ndege ya zamani uliyoirithi

Glaida za miaka ya themanini na tisini ziliundwa kuzunguka betri za nikeli-kadmiamu, mara nyingi seli 7 nene za volti 1.2 kila moja. Kifurushi hicho kina gramu 400 hivi. Kwa betri za namna hiyo hiyo, tarehe 21 Oktoba 1973 huko Wels, Austria, Heino Brditschka aliirusha MB-E1, ndege ya kwanza ya umeme kubeba mtu, kazi iliyosukumwa na Fred Militky, mhandisi aliyeanzia kwenye ndege ndogo za mfano. Zilikuwa nzito, lakini zilitoa mkondo mkubwa bila kulalamika.

Dalili ya kawaida leo: mtu ameweka lithiamu ya seli 2 badala ya zile 7, volti zinakaribiana chini ya mzigo, mota inafurahi, lakini ndege inapinda kwenda juu, inapoteza mwendo na kuanguka kwa mkia. Betri mpya ya 2200 mAh ya seli 2 ina gramu 120 hivi. Pua imepoteza gramu 280. Isogeze betri mbele kabisa hadi ukutani mwa mota, na kikikosekana kitu weka betri kubwa zaidi badala ya risasi. Hapa, tofauti na kule juu, mAh za ziada ni zawadi. Hakikisha pia kidhibiti chenyewe kinaelewa lithiamu. Vile vya enzi hizo vilikata mota kwa volti za chini zinazofaa nikeli, na lithiamu ikishushwa hapo haifufuki. Kama kimezeeka, badilisha.

Sevo zinatetemeka, au ndege haisikii rimoti

Dalili hii isikuruhusu kuruka tena siku hiyo. Mota ikizima glaida inatua. Kipokezi kikizima inaanguka juu ya kitu au mtu.

Kwenye glaida nyingi kipokezi na sevo hulishwa na betri ya mota kupitia saketi ndogo iliyo ndani ya kidhibiti kasi, ile inayoandikwa BEC. Zipo aina mbili. Ile ya zamani hushusha volti kwa kuzigeuza joto. Kutoka volti 11.1 hadi 5, kwa ampea 1, inachoma wati 6 ndani ya kitu chenye ukubwa wa kidole gumba. Sevo 2 inazimudu. Glaida yenye sevo 6, za mabawa, flapu na mkia, zikifanya kazi pamoja wakati wa kutua, saketi inapata moto na kujizima, na inajizima ndege ikiwa chini, polepole, karibu na watu. Kidhibiti chenye saketi ya aina ya kuwasha na kuzima kwa kasi hakina tatizo hilo. Soma maelezo kabla ya kununua. Kwa sevo zaidi ya 3 kwenye seli 3 sikubali ile ya kwanza.

Sababu nyingine inatokana na raha yenyewe. Umeingia kwenye hewa nzuri pamoja na mwewe wawili, mota imelala, na saa nzima imepita. Sevo na kipokezi vimekunywa wastani wa ampea 0.3, kwa hiyo mAh 300 zimekwenda bila mota kuguswa. Ondoa hizo kwenye 1040, unabaki na mipando 4. Anayehesabu mipando peke yake anadhani ana 6. Weka saa kwenye rimoti ihesabu muda wote wa kuwa angani, si wa mota tu, na kidhibiti kikikata mota mara moja kwa volti za chini, tua. Usiivute tena.

Kwa glaida kubwa ninapendelea betri ya pili ya kipokezi peke yake. Seli 4 za nikeli-hidridi ni rahisi kupata, lakini chagua zile zinazotunza chaji. Za kawaida huvuja zenyewe kabatini, ukizichaji Jumapili na kuruka Jumamosi ijayo umeruka na betri iliyopungua. Ya lithiamu-chuma-fosfeti ya seli 2, volti 6.6, ni tulivu na ya kudumu, mradi sevo zako zimeandikwa kwamba zinakubali volti hizo.

Betri imevimba

Kuvimba ni gesi. Inatokana na kushushwa mno, kujazwa mno, kupata joto, au kuachwa imejaa kwa wiki nyingi. Mfuko ukiwa umelainika kidogo baada ya kuruka na kurudi ukipoa, pima ukinzani na uifuatilie. Ukiwa mgumu kama mto uliojazwa, kazi yake imekwisha, hata kama mota bado inawaka. Usiitoboe kamwe.

Iweke nje, juu ya saruji, iunganishe na balbu ya gari ya volti 12, wati 21, hadi izime kabisa, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Usiitupe kwenye jaa linalochomwa moto.

Ili usifike huko: betri isiyoruka wiki hii ikae kwenye volti 3.80 hadi 3.85 kwa seli. Chaja nzuri ina kazi hiyo ndani yake. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani. Nimetoa betri nzima asubuhi, nikaikuta saa nane imejaa kama mandazi. Ndege ikianguka pua mbele, toa betri, iweke mbali na nyasi na uikodolee macho nusu saa kabla ya kuirudisha mfukoni. Chaji ukiwa macho na upo chumba kile kile. Chungu kikubwa cha udongo kinafaa sana kuichajia ndani yake.

Chaja inakataa, au betri imejaa upesi mno

Angalia seli moja moja. Jumla ya volti 11.4 inaweza kuwa 3.8 mara tatu, au 4.1, 4.1 na 3.2, na hizo ni betri mbili tofauti kabisa. Ikiwa seli moja imebaki nyuma, chaji kwa njia ya kusawazisha, kwa nusu ya mkondo wa kawaida. Ikirudi nyuma tena baada ya kuruka mara mbili, seli hiyo imekufa na inazivuta nyingine chini.

Mkondo wa kawaida ni 1C, yaani ampea 1.3 kwa betri ya 1300. Aina lazima ilingane na ile iliyochaguliwa kwenye chaja: lithiamu-polima hujaa kwa volti 4.20 kwa seli, lithiamu-chuma-fosfeti kwa kama 3.6, na kuzichanganya ni hatari ya moto. Umeme ukikatika katikati na kurudi, usiamini kwamba chaja imeendelea ilipoishia. Anza upya na usome kioo kabla ya kubonyeza.

Unaponunua, nenda na mita. Betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kwa ndege zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30, kwa hiyo mpya inayosoma volti 3.7 na kitu kwa seli ni ya kawaida. Inayosoma 3.3 imekaa kwenye rafu muda mrefu mno. Seli zikitofautiana zaidi ya 0.03 muulize muuzaji akupe nyingine, na kama hataki mita iguse plagi, nenda duka la pili.

Nyumbani, kabla haijaruka, ninaibandikia kipande cha tepu ya karatasi na kuandika kwa kalamu: tarehe, gramu, miliomu za kila seli. Nikishaiweka ndani ya glaida na kupima nusu dakika chini, naongeza ampea na volti za mwisho. Ya kijana yule tuliiandika pia, 84 g, 38-41-39, akaipa kazi ya taa ya mezani. Jumamosi iliyofuata alikuja na nyingine ya gramu 112. Akatupa ndege mara moja, akazima mota kwenye sekunde ya 25, na tukamwona akisogea hatua mbili nyuma, kimya, akiifuata kwa macho ikianza kuzunguka juu ya shamba la mahindi.